Mabadiliko Mapya ya Vinasaba na Mchango wa Dume

Mhadhara uliotolewa kwa wafugaji, walimu na watafiti, Gulwe, wilayani Mpwapwa

Kusudi langu leo ni moja. Nataka kuonyesha kwamba kwa mamalia, tangu panya hadi ng'ombe hadi binadamu, mabadiliko mengi mapya ya vinasaba huingia katika ukoo kupitia kwa dume. Nataka pia kuonyesha kwamba sababu yake si idadi ya mara ambazo seli hujigawa peke yake, kama tulivyozoea kuelezwa, bali ni muda, na jinsi chembe za uzazi zinavyoharibika na kutengenezwa upya. Sioni mahali panapofaa kulisema hili kuliko wilaya hii. Hapa Mpwapwa ndipo watafiti wa mifugo walipochanganya kwa miongo mingi damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka bara Hindi, zebu wetu wa kienyeji, Boran, Ankole na kiasi kidogo cha ng'ombe wa Ulaya, hadi wakapata ng'ombe anayeitwa kwa jina la wilaya yenyewe. Watu wanaoishi na kazi kama hiyo wana haki ya kujua ni nini hasa dume hukileta zizini.

Kabla ya hoja zenyewe, tuelewane juu ya neno "mapya". Kila mmoja wetu amebeba nakala mbili za maandishi ya DNA, moja ya baba na moja ya mama, kila moja ikiwa na herufi kama bilioni tatu. Tofauti nyingi tulizonazo ni za zamani, tumezirithi kwa mababu. Ualbino ni mfano ulio karibu nasi. Kwa Watanzania wengi wenye ualbino, chanzo ni pengo moja katika jeni iitwayo OCA2, pengo lililotokea maelfu ya miaka iliyopita na kusambaa kimya kimya. Mtoto huzaliwa na ualbino anapopokea nakala yenye pengo kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wazazi wote wawili wamechangia sawasawa, wala hakuna aliyekosea. Ninaposema badiliko jipya nina maana tofauti: herufi ambayo haimo katika damu ya baba wala ya mama, lakini imo kwa mtoto, kwa kuwa ilibadilika ndani ya mbegu au ndani ya yai lililomtunga. Ni juu ya mabadiliko ya namna hii tu ndipo ninaposema kwamba baba na mama hawachangii sawa. Nawaomba walimu walioko hapa walishike hilo kwa nguvu, maana mtu akichanganya haya mawili anaweza kumtwika mzazi mmoja lawama isiyo yake.

Hoja ya kwanza ni ya zamani, na ilitoka katika ugonjwa. Mwaka 1912 daktari wa Ujerumani, Wilhelm Weinberg, aliona kwamba watoto wenye kimo kifupi cha aina iitwayo akondroplasia, waliozaliwa na wazazi wenye kimo cha kawaida, walikuwa mara nyingi ni vitinda mimba. Kitinda mimba ana mama aliyezeeka kidogo, lakini ana baba aliyezeeka pia, na Weinberg hakuweza kuwatenganisha. Mwaka 1955 Lionel Penrose wa London aliwatenganisha, na umri uliobaki na uzito ulikuwa wa baba. Katikati yao alisimama J. B. S. Haldane, aliyeandika juu ya himofilia mwaka 1935 na tena 1947. Himofilia ni ugonjwa wa damu kutoganda, na jeni yake imo kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana moja. Zamani wavulana wenye ugonjwa huu walikufa mapema bila watoto, na kila walipokufa, jeni mbovu zilipungua duniani. Kwa kuwa katika kila X tatu za jamii moja imo kwa mwanamume, karibu theluthi ya jeni hizo ilipotea kila kizazi. Hata hivyo ugonjwa haukwisha, kwa hiyo jeni mbovu mpya zilikuwa zikiingia. Haldane akauliza zinaingia kwa nani. Kama wanawake na wanaume wangekuwa sawa, theluthi ya wavulana wagonjwa wangekuwa na mama asiyebeba jeni hiyo kabisa. Alipozichunguza familia, akina mama wa namna hiyo walikuwa wachache mno. Karibu kila mama alikuwa ameibeba, naye, kama badiliko lilikuwa jipya, mara nyingi aliipata kwa baba yake mzazi, mtu mzima asiye na ugonjwa wowote ambaye badiliko lilitokea ndani ya mbegu zake.

Hebu tukae hapo kidogo. Mvulana anavuja damu. Ndugu wa mume wanamtazama mama. Na kweli jeni imepita kwake. Lakini aliyeiingiza katika ukoo mara nyingi ni babu mzaa mama, na hakuna dalili yoyote ambayo ingeweza kumjulisha. Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye jina lake limebaki kwenye ziwa letu, aliwarithisha watoto wake himofilia ilhali haikujulikana katika ukoo wake kabla yake. Baba yake alikuwa na miaka 51 Victoria alipozaliwa. Hilo halithibitishi kitu kwa mtu mmoja, lakini ndivyo hasa hesabu ya Haldane inavyotufanya tutarajie. Yeye alikadiria kwamba wanaume huzalisha mabadiliko hayo kama mara kumi zaidi ya wanawake. Tarakimu hiyo imeshuka baadaye. Upande ulioelemewa haujabadilika.

Hoja ya pili haihitaji mgonjwa yeyote. Mwaka 1987 Takashi Miyata na wenzake wa Japani waligundua kwamba kromosomu zenyewe zimetunza kumbukumbu. Kromosomu Y huishi ndani ya madume tu, kizazi hadi kizazi. X huishi theluthi mbili za maisha yake ndani ya majike na theluthi moja ndani ya madume. Basi tuseme dume huzalisha mabadiliko mara sita ya jike. Y itapata sita. X itapata mawili kutoka vizazi viwili vya jike na sita kutoka kizazi kimoja cha dume, jumla manane kwa vizazi vitatu, yaani mawili na theluthi mbili kwa kila kizazi. Ukigawa sita kwa hayo unapata 2.25. Kama dume na jike wangekuwa sawa, ungepata moja kamili. Mwaka 1993 Shimmin, Chang na Li walilinganisha jeni moja yenye nakala kwenye X na kwenye Y kwa binadamu na jamaa zake, nyani wakiwamo, wakakuta Y imebadilika mara mbili na robo zaidi ya X. Kwa panya uwiano wa dume na jike ulitoka mdogo zaidi, karibu mawili kwa moja, na tutaona kwa nini.

Mtu makini atapinga hapa, na pingamizi lake ni zuri. Atasema Y ni kromosomu ya ajabu: ni ndogo, haibadilishani vipande na mwenzake, huenda inaharibika kwa tabia yake yenyewe na si kwa sababu inakaa kwa dume. Jibu lake liko uani kwenu. Kuku ni kinyume chetu: jogoo ana kromosomu mbili za aina moja, Z na Z, na tetea ana Z na W. W ndiyo ndogo, ndiyo ya pekee, nayo huishi ndani ya majike tu. Kama upweke wa kromosomu ndio chanzo, W ingebadilika kwa kasi kama Y. Mwaka 1997 Hans Ellegren na Anna-Karin Fridolfsson wa Sweden walipima kwa ndege, wakakuta Z ndiyo inayobadilika haraka, W inabaki nyuma. Kasi inamfuata dume popote alipo, haijali ukubwa wa kromosomu. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzuri kuliko yote katika jambo hili, kwa sababu ndege wamegeuza jaribio na jibu limebaki lilelile.

Hoja ya tatu ni hesabu ya moja kwa moja, nayo nitaipitia haraka maana iko wazi. Siku hizi inawezekana kusoma DNA yote ya baba, ya mama na ya mtoto, kisha kutafuta herufi alizonazo mtoto peke yake. Watafiti wa Iceland walifanya hivyo mwaka 2012 kwa familia 78, na mwaka 2017 kwa watoto zaidi ya 1,500. Mtoto wa wazazi wenye miaka thelathini hivi ana mabadiliko mapya kati ya 60 na 70 katika herufi bilioni sita. Takribani manne kwa kila matano hutoka kwa baba. Kila mwaka baba anaoongeza kabla ya kuzaa huleta badiliko moja na nusu zaidi. Kila mwaka wa mama huleta karibu theluthi moja tu. Mwaka 2023 kundi lililoongozwa na Lucie Bergeron lilitangaza hesabu za namna hii kwa aina 68 za wanyama wenye uti wa mgongo, na kwa mamalia na ndege wengi upande wa baba ulizidi, jambo ambalo halikujitokeza hivyo kwa samaki na reptilia.

Sasa hoja ya nne, yenye ubishi. Kwa nini? Maelezo ya kawaida ni haya: mtoto wa kike huzaliwa akiwa tayari na mayai yake yote, na kila yai limepita katika migawanyiko ya seli isiyozidi thelathini na kidogo. Mwanamume hutengeneza mbegu maisha yake yote baada ya balehe. Seli mama za mbegu hujigawa kila baada ya siku 16, yaani mara 23 kwa mwaka. Mbegu ya kijana wa miaka 20 imetokana na migawanyiko kama 150. Ya mtu wa miaka 40, kama 610. Kila mgawanyiko ni kunakili upya, na kila kunakili kuna makosa. Panya anayezaa akiwa na miezi michache hana muda wa kulimbikiza migawanyiko mingi, ndiyo maana uwiano wake ni mdogo. Maelezo haya ni mepesi, yanavutia, na yana sehemu ya ukweli. Lakini ukiyafuata kwa tarakimu yanakwama. Kama makosa ya kunakili ndiyo yote, baba wa miaka 20 angemzidi mama mara tano, na baba wa miaka 40 angemzidi mara ishirini. Kinachoonekana ni kwamba uwiano uko karibu tatu kwa moja tangu wazazi wakiwa vijana, na unapanda kidogo tu wanapozeeka. Tena mayai ya mama hayajigawi kwa miaka mingi, lakini mabadiliko yake yanaongezeka kwa umri. Kitu kisichonakiliwa kinapataje makosa ya kunakili? Na nyani, ambao seli zao za mbegu hujigawa kwa haraka kuliko zetu, kila siku 11, walipochunguzwa mwaka 2020 hawakuonyesha tofauti kubwa na binadamu katika uwiano huo.

Ziyue Gao, Molly Przeworski na wenzao walipendekeza kwamba tuangalie uharibifu badala ya kunakili. DNA hupigwa kila siku na kemikali za mwili wenyewe, na kila siku hutengenezwa. Nyinyi wa Gulwe mnalijua jambo hili kupitia reli. Mto Kinyasungwe ukifurika huzoa kokoto na mchanga chini ya mataluma. Mafundi huja wakarudishia. Treni ikipita baada ya matengenezo, hakuna msafiri atakayejua kwamba palikuwa na shimo. Treni ikifika kabla ya mafundi, basi tena. Ndivyo ilivyo ndani ya seli: jeraha la DNA likitibiwa kabla ya mashine ya kunakili kufika, halitaacha alama, mashine ikiwahi, herufi isiyo sahihi huandikwa moja kwa moja. Kwa hiyo idadi ya mabadiliko hutegemea majeraha yanatokea kwa kasi gani, yanatibiwa kwa kasi gani, na muda umepita kiasi gani. Seli za dume zikiwa na majeraha mengi zaidi, au matengenezo ya polepole zaidi, tangu balehe, uwiano utakuwa tatu kwa moja mapema na utabaki karibu hapo. Na yai lililolala huendelea kupata majeraha ambayo husubiri hadi kutungwa kwa mimba, wakati kunakili kunapoanza tena. Mwaka 2022 Marc de Manuel, Przeworski na wenzao waliangalia aina 42 za mamalia, ndege na nyoka, wakaonyesha kwamba upande wa dume unaweza kuelemewa hata bila tofauti ya migawanyiko. Mimi nimeridhika kwamba mizani sasa imeinamia huku. Sisemi kunakili hakuchangii. Nasema hakutoshi.

Kuna kisa kimoja kinachostahili kuongezwa kwa sababu kinatufundisha kuwa ndani ya korodani kuna jambo la tatu. Akondroplasia aliyoiona Weinberg hutokana karibu kila mara na badiliko la herufi moja tu, katika jeni ya FGFR3. Mwaka 1998 watafiti walifuatilia watoto 40 ambao wazazi wao hawakuwa na hali hiyo, na kwa wote arobaini badiliko lilitoka kwa baba. Arobaini kwa sifuri si tatu kwa moja. Anne Goriely na Andrew Wilkie wa Oxford wameeleza sababu: seli ya mbegu inayopata badiliko la aina hii hupata nguvu ya kuzaana kuliko jirani zake, hivyo kadiri miaka inavyopita huongeza sehemu yake ndani ya korodani. Badiliko linalomletea mtoto shida ni faida kwa seli iliyolizaa.

Sasa tuingie zizini. Dume mmoja wa kijiji huwapanda majike wengi. Dume wa uhimilishaji, kama wale ambao mbegu zao hutunzwa katika kituo cha taifa cha uhimilishaji Usa River, anaweza kuwa na watoto asiowahi kuwaona katika mikoa kumi. Kwa hiyo kwa dume yanakutana mambo mawili: anazalisha mabadiliko mengi zaidi, na anayasambaza mbali zaidi. Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa fahali wa Holstein wa Marekani aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa mwaka 1962. Alisifiwa kwa maziwa ya binti zake, akapata binti 16,000. Baadaye iligundulika kwamba alibeba badiliko katika jeni ya APAF1. Ndama anayelipata kutoka pande zote mbili hufa tumboni. Watafiti wamekadiria kuwa badiliko hilo limesababisha mimba zaidi ya 500,000 kuharibika duniani. Tazameni jinsi madhara yalivyojificha: Chief mwenyewe alikuwa mzima, binti zake wazima. Tatizo lilijitokeza wajukuu na vitukuu walipopandana.

Hapa natofautiana na wanaotaka kulifanya jambo hili kuwa suala la umri wa dume peke yake. Ng'ombe hazai akiwa na miaka hamsini. Miaka mitatu zaidi ya dume zizini huongeza mabadiliko machache katika herufi bilioni kadhaa, na mengi kati yao hayana athari yoyote. Hatari kubwa iko kwa dume anayekaa zizini hadi anawapanda binti zake na wajukuu wake, kwa sababu hapo badiliko moja lililofichika hupata nafasi ya kukutana na nakala yake. Mfugaji ataona ng'ombe wanaorudi joto mara kwa mara na mimba zinazopotea, atadhani ni malisho au ugonjwa, kumbe ni dume yule yule amekutana na damu yake. Na ng'ombe wa Mpwapwa, kwa kuwa idadi yao ni ndogo, wako katika hatari hiyo kuliko zebu walioenea nchi nzima.

Najua kuna swali ambalo mtu atasita kuliuliza mbele ya wazee, basi nilijibu mwenyewe. Je, baba mtu mzima asizae? Hapana, hoja zangu haziendi huko. Akondroplasia hutokea kwa mtoto mmoja tu katika makumi ya maelfu; hata hatari ikiongezeka mara kadhaa, inabaki ndogo sana. Na haki inanidai niseme upande wa pili: makosa ya aina nyingine, yale ya kromosomu nzima kuzidi au kupungua kama katika hali ya Down, hutoka kwa mama mara nyingi na huongezeka sana kwa umri wake. Mizani ya baba na mama inategemea unapima kosa gani. Ninachokikataa ni ile desturi ya kumtuhumu mama kwa kila mtoto aliyezaliwa tofauti. Ushahidi wa miaka zaidi ya mia moja unaikanusha.

Yaliyobaki ni kazi, na sehemu yake inaweza kuanza msimu huu. Kila zizi la kata hii liwe na daftari la madume: dume ametoka wapi, amezaliwa mwaka gani, amewapanda majike gani, na mimba ngapi zimepotea. Madume wabadilishwe kati ya vijiji kabla binti zao hawajafikia umri wa kupandwa, na ofisa mifugo ahifadhi nakala ya daftari hilo. Kwa watafiti wa Mpwapwa nina ombi kubwa zaidi. Kundi la ng'ombe wa Mpwapwa lina kumbukumbu za ukoo ambazo mahali pengi Afrika hazipo. Chukueni sampuli za damu za familia, dume, jike na ndama wao, na manyoya ya madume wakongwe kabla hawajachinjwa, ili DNA yao isomwe. Tutajua mabadiliko mapya ni mangapi kwa kila ndama, sehemu gani inatoka kwa dume, na kama joto na ukame wa nyanda hizi unaongeza majeraha yale niliyoyaeleza. Hesabu hiyo imefanywa kwa ng'ombe wa Ulaya. Haiwezi kufanywa kwa ng'ombe wa Mpwapwa mahali pengine isipokuwa hapa, na vijana wanaosoma sayansi katika shule za wilaya hii ndio ningependa kuona majina yao juu ya ripoti yake.